Aliyekutua Akutwike

Watu wa nyumba wana sheria nyingi, zimeandikwa, zimepigwa mihuri, na kila baada ya muda zinabadilishwa. Watu wa njia wana mbili tu, na hazijaandikwa popote. Ya kwanza inasema habari mbaya haipewi mtu mwenye mzigo: mwache afike, atue, anywe maji, ndipo umwambie. Ya pili ni mkia wa ile ya kwanza: aliyekutua ndiye akutwike. Ukimwambia mtu atue ili umpe msiba, basi kumwinulia mzigo wake tena ni kazi yako, hata kama hupendi kumgusa, kwa sababu mtu aliyetoka kupigwa na habari hana nguvu za kunyanyua hata kijiko.

Cheche alizijua sheria hizo kabla hajajua kuhesabu. Alizaliwa njiani, baba yake akiwa mnoa visu, na baba alipokufa alirithi mashine: fremu ya mbao ngumu, gurudumu, kanyagio, jiwe la mviringo, na chini ya jiwe kisanduku cha tupa na chupa ya mafuta. Yote hayo aliyabeba mabegani kwa mikanda miwili, mji hadi mji, akipita nyuma ya majiko ya shule, kwenye mabucha, kwa vinyozi na mafundi cherehani. Jina la Cheche alipewa na watoto waliomzunguka kutazama moto ukiruka kwenye jiwe, na lilimkaa hivi kwamba akiitwa kwa lile la kitambulisho alichelewa kuitika. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu. Hicho kitu alikiacha hivyohivyo. Aliwahi kuoa. Mke alivumilia miaka sita, kisha akaondoka na mtu mwenye mlango. Ndivyo alivyopenda kusimulia, "mtu mwenye mlango," na watu wakicheka naye alicheka.

Kikohozi kilipomwanza alisema ni vumbi la jiwe. Mwaka mzima alisema ni vumbi la jiwe. Alikonda mpaka mikanda ya mashine ikatobolewa matundu mapya, na bado likawa vumbi. Siku alipokohoa juu ya kitambaa cheupe cha kufutia visu, kitambaa kikaingia doa jekundu, alikaa chini kando ya barabara akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza njia kuelekea kliniki ya mpakani, ambayo watu wa njia waliipenda kwa sababu haikuwauliza wanaishi wapi.

Mbele ya kliniki palikuwa na veranda ndefu ya saruji na mabenchi ya mbao. Kwenye benchi la mwisho aliketi mtu mwembamba mwenye mvi kichwa kizima, hadi nyusi.

"Shikamoo, mzee," Cheche alisema.

"Marahaba," yule mtu aliitikia bila haya, akajikung'uta kichwa, na nusu ya mvi zikadondoka sakafuni. Ilikuwa sufi. Chini yake nywele zilikuwa nyeusi kuliko za Cheche.

"Umekula shikamoo yangu bure."

"Umeitoa mwenyewe. Hairudishwi." Yule mtu akakohoa, akashika mbavu, akasubiri zitulie. "Wewe ni vumbi la nini?"

"La jiwe. Nanoa visu. Na wewe?"

"La sufi. Najaza magodoro na mito, kule ng'ambo ya mpaka. Pole sana, ndugu yangu. Lako ni zito zaidi."

Nesi, mama wa makamo ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa plasta ya kidonda, aliwapima, akarudi na makaratasi, akawaambia wote wawili kwa mpigo mmoja. "Nyinyi mna vumbi moja. Ni kifua kikuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mmefichana na nafsi zenu mwaka mzima."

Waliwekwa wiki mbili kwenye chumba cha nyuma, vitanda viwili na dirisha moja. Yule wa sufi aliitwa Pamba, na nje ya dirisha aliketi mkewe, Mama Sindano, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magodoro baada ya mumewe kuyajaza. Yeye alipimwa akakutwa mzima. Alishona na kuingilia mazungumzo yao bila kuinua uso.

Kumbe nchi ni mbili lakini njia ni moja. Walilinganisha mbwa, mapolisi, mvua na visima. Pamba alisema godoro halina siri: likibonyea upande mmoja tu, mwenye nyumba amefiwa au amekimbiwa.

"La kwangu ungelilia," Cheche alisema.

"Wewe una godoro?" Mama Sindano aliuliza kutoka dirishani.

Cheche naye akaeleza kwamba ukipewa kisu butu kabisa, ujue mpishi wa nyumba hiyo ameshakata tamaa ya kusifiwa. Walicheka mpaka wakakohoa, na wakikohoa walingojana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwa Cheche kuzungumza na watu bila kulazimika kueleza kwa nini hana kwao. Alipenda sana jambo hilo, akashangaa limemchukua miaka hamsini na kitu kulipata.

Siku ya kutoka, nesi aliweka vidonge mezani. Matibabu yote yalikuwa wiki ishirini na sita, vidonge vinne kila asubuhi, kila karatasi ya vidonge ikitosha wiki moja.

"Utaratibu ni kuwapa za mwezi mmoja," alisema. "Lakini nikiwapa za mwezi mmoja sitawaona mpaka kiama. Nawapa zote, na nitakayeulizwa ni mimi. Mkikatiza, ugonjwa unarudi na meno. Sasa, kila mgonjwa anatakiwa kuwa na msimamizi wa kumwona akimeza. Nani atawaona?"

Mama Sindano akafungua kinywa, lakini Pamba alimtangulia. "Huyu atanisimamia mimi, na mimi yeye."

"Mmoja anakwenda huku na mwingine kule."

"Simu zipo," Cheche alisema.

Nesi alivua miwani akawatazama bila miwani, kama vile ndivyo alivyowaona vizuri zaidi. Kisha akaandika. Wakaagana kukutana palepale kwenye veranda wiki ya ishirini na sita ikiisha.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, Cheche aliegemeza mashine ukutani, akarekodi sauti yake akimeza, akamtumia Pamba. Naye akapokea ya Pamba. Na Cheche alikuwa na sikio. Mnoa visu hategemei macho, maana jicho hudanganywa na mng'ao. Kisu kikipita kwenye jiwe ni sauti inayosema kama kimeiva. Kwa hiyo baada ya siku chache alikuwa anakijua kimezo cha Pamba kama anavyojua mlio wa gurudumu lake: mafunda mawili mazito, la pili likikwama kidogo, kisha koo kusafishwa, kisha, "Zimeshuka." Baada ya hapo ndipo habari zilifuata. Leo tuko kwenye mji ambao kila mtu ana haraka na hakuna anayefika. Leo tumelala kwenye ghala la mbao, shemeji yako amegombana na panya na panya ameshinda. Leo nimefungua godoro la bibi mmoja nikakuta ndani kuna viatu vya mtoto, nikavirudishia palepale nikashona.

Cheche alizisikiliza mara mbili, moja asubuhi na moja akitembea. Alipolalamika kwamba mikanda inamkata mabega, Pamba alimshonea kijimto cha begani akampa dereva wa lori anayevuka mpaka, na siku ya nne kikamfikia, kimejazwa vizuri, kimeshonwa na Mama Sindano kwa uzi mwekundu. Cheche akajibu kwa kupeleka mkasi wa kitambaa alioununua mbovu, akaunoa siku nzima. Nao ulifika siku ya nne. Tangu hapo wote walijua kwamba kitu chochote kikipewa dereva kinafika siku ya nne.

Mambo yaliharibika wiki ya kumi na mbili, kwa jambo dogo tu. Cheche alikuwa ananoa visu vya muuza nyama mmoja, mteja wake wa miaka mingi, na akaona asimeze kwa kujificha kama mwizi. Muuza nyama akauliza za nini hizo. Cheche akasema za kifua. Yule mtu alivikusanya visu vyake, vingine vikiwa vimenolewa upande mmoja, akavifunga kwenye gazeti, akaingia ndani, akarudi na ndoo ya maji ya moto akavimwagia mbele yake. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwenye mji uliofuata jiko la shule lilimwambia visu vyao bado vina makali. Kisu cha jiko la shule hakijawahi kuwa na makali tangu dunia iumbwe.

Na tuseme ukweli, kulikuwa na jambo la pili: alijisikia mzima. Alikula akashiba. Mikanda ilirudi kwenye matundu ya zamani. Vidonge vilimvuruga tumbo na kumgeuza mkojo rangi ya machungwa, na yeye hakuona tena vinamtibu nini. Asubuhi moja, simu mkononi, kikombe mkononi, fundi cherehani akiwa amesimama kando akisubiri mkasi wake, Cheche aliviacha vidonge kwenye kisanduku cha tupa, akanywa maji matupu. Akasema kwenye simu, "Zimeshuka." Ilikuwa rahisi, rahisi mno. Kesho yake akajiambia atameza jioni. Keshokutwa hakujisumbua hata kujiambia hivyo.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya Cheche ilikuwa na wiki kumi na nne, na aliitembea yote. Karatasi kumi na nne za vidonge zilikaa kwenye kisanduku chini ya jiwe, na kila asubuhi alimeza maji kwa ustadi, hata akajifunza kulikwamisha funda la pili.

Ilikuwa wiki ya kumi na nne ya matibabu aliposikia. Kimezo cha Pamba kilikuja kama kawaida, ila hakikuwa kawaida: funda moja, jepesi, linateleza, halafu, "Zimeshuka." Koo halikusafishwa. Cheche alikirudia mara tatu akiwa amesimama katikati ya barabara. Kesho yake kilikuwa vilevile. Alijua. Alijua kama anavyojua kisu ambacho hakijagusa jiwe.

Angeuliza. Neno moja tu: ndugu yangu, unakunywa nini? Lakini akiuliza, naye ataulizwa. Basi akajificha nyuma ya sheria. Mwenzangu yuko njiani, alijiambia, ana mzigo kichwani, si wakati wa kumhoji. Sheria inakataza kumpa mtu habari mbaya. Haijawahi kukataza kumuuliza hali, na Cheche alilijua hilo vizuri. Kulikuwa na jambo lingine ambalo alilionea haya hata akiwa peke yake: aliposikia lile funda jepesi, alipata nafuu. Kumbe na yeye, alisema moyoni. Akalala vizuri siku hiyo.

Wiki ya ishirini habari za Pamba zilianza kupungua. Zamani alisimulia mpaka simu ikamkatia. Sasa alisema mji una vumbi, shemeji anasalimia, basi. Sauti ilikuwa kavu. "Nimepaliwa na sufi," alisema siku moja, akacheka, na kicheko kikageuka kitu kingine kabla ya rekodi kukatika. Cheche naye wakati huo alikuwa ameanza tena kuamka na jasho. Alirekodi maji yake akatuma.

Wiki mbili na ushei za mwisho hakuja Pamba kwenye simu, alikuja Mama Sindano. "Shemeji, hujambo. Mwenzako amepumzika. Uko wapi leo?"

"Niko njiani, shemeji. Nimebakiza miji mitatu nifike."

"Haya. Tembea salama. Tutaonana kliniki."

Kila siku alimuuliza yuko wapi, na kila siku Cheche akajibu yuko njiani, na kila siku mama yule akasema haya, tembea salama. Mtu mwingine asingeelewa. Cheche alielewa siku ya tatu, ila aliendelea kutembea kana kwamba hajaelewa.

Alifika kliniki asubuhi, kikohozi kikiwa kimemrudia waziwazi na mikanda iko kwenye matundu ya mwisho. Veranda ilikuwa ileile. Mama Sindano alikuwa amesimama karibu na benchi la mwisho, gunia la sufi kichwani, upinde wa kuchambulia sufi umefungwa juu yake. Upinde ule haukuwahi kubebwa na mtu mwingine zaidi ya Pamba.

"Tua, shemeji," alisema.

Cheche hakutua. Alisimama na mashine mabegani, akaanza kuzungumza. Alisema barabara ya juu imeharibika, alisema madaraja, alisema nesi bado yule wa plasta au wamemleta mwingine. Maana mzigo ukiwa begani Pamba alikuwa hai bado. Mama Sindano alimwacha azungumze. Gunia la sufi ni jepesi, linaweza kungoja.

"Tua," alisema tena alipoishiwa maneno.

Akatua. Fremu iligonga saruji, gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama. Mama Sindano akampa maji kwenye kikombe, akasubiri ayamalize.

"Ni siku ya kumi na saba leo," alisema. "Tulikuwa tunarudi huku. Zilibaki siku kumi na moja za kutembea. Nimemzika pembeni ya mji ambao hata jina lake sikuuliza."

Cheche akakaa kwenye benchi.

"Dawa zilipotea," mama aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma. "Mimi ndiye niliyezipoteza. Alikuwa anaogopa unyevu na wezi, basi akazishonea ndani ya mto wake wa kulalia, pamoja na kadi ya kliniki. Kila Jumapili nafungua mshono, natoa karatasi moja ya wiki, nashona. Tukapata kazi ya mito ishirini ya nyumba ya wageni. Nilihesabu haraka, nikapeleka ishirini. Wa kwetu ulikuwa mmojawapo. Tulipogundua, tulikuwa mji wa pili. Tukarudi. Mwenye nyumba akasema mito yake mipya haichanwi na wendawazimu. Nilipiga magoti, shemeji. Nilipiga magoti mbele ya mito."

"Kliniki nyingine?"

"Tulikwenda. Wakataka kadi. Kadi iko ndani ya mto. Wakasema rudini mlikoanzia. Na yeye akasema tumalize msimu kwanza, tusitembee hivihivi na njaa. Nikamwambia basi mwambie mwenzako. Akakataa. Akasema yuko njiani, ana mzigo, nitampaje habari kama hiyo? Akitetereka na yeye akiacha, nitakuwa nimeua wawili." Alikichukua kikombe kutoka mkononi mwa Cheche. "Kila asubuhi alikuwa anakunywa maji halafu anakusikiliza. Anasema, msikie huyu ndugu yangu, hakosi hata siku. Ulikuwa unampa moyo. Alikuonea fahari, na alikuonea aibu. Mpaka zile siku za mwisho nilikuwa namwekea simu sikioni."

Mlango wa kliniki ulifunguliwa, nesi akachungulia, akawaona, akarudi ndani bila kuita.

"Basi nimekwambia," Mama Sindano alisema. "Mimi nageuza leo hii, geti la mpaka linafungwa saa sita. Simama nikutwike." Akaliweka gunia sawa kichwani, akainama, akashika fremu ya mashine kwa ile mikono yake mikubwa. Ndipo akaona kijimto cha begani, uzi wake mwekundu umepauka. Akakipangusa vumbi kwa kidole gumba.

Cheche angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Yule mama angemtwika, angevuka geti akiamini mumewe alikufa akiwa na rafiki mkweli, na huenda hiyo ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Cheche alilipima jambo hilo, na kwa muda kidogo lilionekana hata kuwa wema. Ila alishatumia wema wa namna hiyo wiki kumi na nne, akauona unakoishia.

"Shemeji," alisema. "Usinitwike. Tua wewe kwanza."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mbao. Mtu wa njia hatamki neno hilo kwa mzaha. Alinyooka taratibu, akamtazama usoni, akalishusha gunia pamoja na upinde, akaviweka chini. Hakuketi.

Cheche alipiga magoti mbele ya mashine, akafungua kisanduku. Alitoa tupa, akatoa chupa ya mafuta, akatoa karatasi za vidonge moja moja akazipanga kwenye benchi. Zilikuwa na madoa ya mafuta lakini hazikuguswa, kila kidonge kwenye kitundu chake. Mama Sindano alizihesabu kwa macho.

"Kumi na nne," alisema.

"Niliacha wiki ya kumi na mbili. Nilikuwa nakunywa maji."

"Sisi tulipoteza wiki ya kumi na nne." Alizungumza polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Alibakiza karatasi kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Zingemtosha. Zingebaki mbili."

"Ndiyo, shemeji."

"Siku nne kwa lori."

Kikohozi kilimpanda Cheche akakizuia, kikamshinda, na mama akangoja mpaka kikaisha, kama walivyokuwa wakingojana zamani kule chumbani.

"Lakini hukujua," Mama Sindano alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamwonyesha mlango, apite.

"Nilisikia," Cheche alisema. "Siku ya kwanza tu alipokunywa maji, nilisikia. Vidonge vilikuwa vinamkwama funda la pili, halafu anasafisha koo. Siku ile havikukwama. Nilirudia mara tatu. Nilijua hana dawa, au hamezi. Sikuuliza kwa sababu nami ningeulizwa."

Mama Sindano alinyoosha mkono, akachukua karatasi moja ya vidonge, akaigeuza huku na huku, akaipitisha kidole kwenye vile vitundu. Akairudisha benchini mahali pake, sawasawa na zile nyingine. Hakulia, hakutukana. Cheche angependa amtukane.

Kisha akageuka, akampa mgongo, akasimama wima mbele ya gunia lake.

"Nitwike," alisema.

Cheche aliinuka. Alilishika gunia la sufi, jepesi namna ile, akaliinamia kama anayenyanyua jiwe la kusagia. Akaliinua mpaka kichwani kwa mama, akaufunga upinde juu yake, akahakikisha hauegemei upande. Mama Sindano alitikisa shingo mara moja kuona kama limekaa. Likawa limekaa. Akashuka ngazi mbili za veranda, akavuka barabara, akaelekea getini bila kugeuka, na Cheche akamfuata kwa macho mpaka upinde ukapotea kati ya malori.

Mashine yake ilikuwa bado sakafuni pale alipoambiwa aitue. Aliyemtua alikuwa ameondoka bila kumtwika. Mbele ya aliyemsaliti mwenzake ni haki yake kuondoka hivyo, na maana yake kila mtu wa njia anaijua: aliyeachwa bila kutwikwa hana njia tena.

Nesi alitoka, akaziona karatasi kwenye benchi, akavua miwani. Hakuuliza mengi. Alisema safari hii ni kuanza upya, kwa dawa nyingine na sindano, miezi mingi kuliko ile, na hakuna kwenda popote. Kitanda ni kilekile cha dirishani, na kila asubuhi atamezea mbele yake akiwa amefungua kinywa.

"Na hiyo mashine iingize ndani, inazuia watu kupita," alisema.

Cheche alijaribu kuiinua. Alijaribu mara mbili, akapumzika, kisha akaiacha palepale.